Vilema vya vidudu vidogo: mfano wa nge wa uwongo

Katika nchi yetu, mbuzi akizaa mtoto mwenye vichwa viwili, habari yaenea kijiji kizima kabla jua halijatua. Wazee wanauliza ni nani aliyekosa, mwenye mbuzi anaogopa, na mara nyingi yule mtoto anazikwa upesi kusudi asionekane tena. Lakini kidudu chenye urefu wa milimeta tatu kikizaliwa na kilema, nani anakiona? Hakuna anayeogopa, hakuna anayetafuta mwenye kosa. Ndiyo sababu leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya vilema vya vidudu vile vidogo. Pahali pasipo na hofu ni rahisi zaidi kutazama kitu ginsi kilivyo, kisha kuuliza kwa utaratibu: kilema hiki kimetoka wapi?

Tumechagua jamaa ya buibui, ambayo wenye elimu wanaiita araknida. Ndani yake wamo buibui, nge, kupe, utitiri na wengine wengi. Hata kimputu, yule anayejificha katika nyufa za nyumba ya udongo na kuleta homa ya vipindi, si ndugu ya kunguni. Ni ndugu ya buibui. Hesabu miguu yake, utakuta minane, lakini kunguni ana sita tu. (Na tukumbuke kwamba ilikuwa huku kwetu Kongo, katika miaka ya 1904 na 1905, ambapo waganga Dutton na Todd walionyesha kwamba kimputu ndiye anayepitisha ugonjwa ule. Dutton mwenyewe alifia Kasongo mwaka 1905.)

Katika jamaa hiyo kuna mmoja ambaye watu wachache wanamjua, ingawa yuko karibu nasi siku zote. Jina lake la kilatini ni Pseudoscorpiones, maana yake nge wa uwongo. Kwa nini wa uwongo? Kwa sababu mbele anafanana kabisa na nge, mwenye magando mawili yaliyofunguka. Lakini ukitazama nyuma, huoni mkia wala mwiba. Tumbo lake linaishia kwa duara, basi. Ni mdogo mno: wengi wana milimeta mbili mpaka tano, wala hawamdhuru mtu hata kidogo. Wanakaa chini ya magamba ya miti, katika majani yaliyooza, katika mapango, katika viota vya ndege. Wengine wanashika mguu wa nzi kwa gando lao na kusafiri naye bure, kama mtu anayepanda lori bila kulipa. Kuna jamaa moja, inaitwa Ellingsenius, inayokaa katika mizinga ya nyuki wa Afrika. Na mwingine, Chelifer cancroides, anapenda nyumba za watu na vitabu vya zamani, si kwa kuvila, bali kwa kuwinda vidudu vinavyokula vitabu. Mwenye kutunza maktaba ya seminari asimwue, ni mtumishi wake.

Aristoteli alikwisha kumtaja kidudu wa namna hii: alisema kwamba ndani ya vitabu hukaa kidudu kama nge asiye na mkia. Robert Hooke naye, katika kitabu chake cha mwaka 1665 juu ya mambo aliyoyaona kwa mikroskopi, alimchora. Leo namna zaidi ya 4000 zimekwisha kupewa majina. Namna nyingi za Kongo zilielezwa katikati ya karne ya 20 na Bwana Max Beier wa Vienna, ambaye alitazama wale waliokusanywa katika udongo wa misitu yetu na Bwana Narcisse Leleup.

Sasa, kusudi tuelewe kilema, yapasa kwanza kujua mwili mzima. Na hapo nge wa uwongo ni mwalimu mwema sana, kwa kuwa mwili wake ni mwili wa hesabu.

Mbele ya mdomo ana vikoleo viwili vidogo. Kwa hivyo anakamata chakula, na kwa hivyo anatoa nyuzi za hariri za kufumia kijumba chake. Baada ya vikoleo, mikono miwili yenye magando. Baada ya mikono, miguu minane. Macho ni manne, au mawili, au hakuna kabisa, kadiri ya jamaa. Wale wa mapangoni mara nyingi ni vipofu kwa asili yao, na upofu huo si kilema. Tumbo limegawanyika pingili kumi na mbili, kama mua, na mgongoni kila pingili ina bamba lake gumu. Ya mwisho ni ndogo sana, yazunguka mkundu tu, kwa hiyo mtazamaji huhesabu mabamba kumi na moja.

Lakini hesabu nzuri kuliko zote iko katika magando. Juu ya vidole vya gando zimeota nywele ndefu nyembamba, kila moja katika kishimo chake. Wenye elimu wanaziita trikobotria. Kwa nywele hizo kidudu anasikia upepo ukitikisika kidogo tu, na kwa hivyo anajua kama adui au windo lake linakaribia. Sasa, sikilizeni hesabu. Nge wa uwongo hujivua ngozi mara tatu mpaka awe mzima kabisa. Katika jamaa nyingi, mtoto wa hatua ya kwanza ana nywele tatu katika kidole kisichotikisika na moja katika kile kinachotikisika. Katika hatua ya pili ana sita na mbili. Katika hatua ya tatu, saba na tatu. Akiwa mzima, ana nane na nne, yaani kumi na mbili katika kila gando, wala haongezi tena. Bwana Max Vachon, wa Makumbusho ya viumbe ya Paris, ndiye aliyeeleza vizuri ginsi nywele zile zinavyozidi kutoka hatua hata hatua, na kila moja inayo pahali pake na jina lake.

Waona basi ginsi mambo yalivyo wazi. Kwa binadamu ni vigumu kusema kama pua hii ni ndefu mno au masikio haya ni makubwa mno. Lakini hapa kuna hesabu. Mabamba kumi na moja, nywele kumi na mbili, miguu minane. Hesabu ikipungua au ikizidi, kuna jambo.

Vilema gani vimeonekana? Vingi. Tuanze na vya tumboni, kwa kuwa ndivyo vilivyoandikwa zaidi. Katika miaka ya 1980, Bwana Božidar Ćurčić wa Belgrade aliandika sana juu ya vilema vya mabamba katika nge wa uwongo wa Ulaya, zaidi wale wa jamaa ya Neobisium. Mara bamba moja limekatika nusu: upande wa kuume lipo, upande wa kushoto halipo. Mara mabamba mawili yaliyofuatana yameungana upande mmoja tu, na upande wa pili yamebaki mbali mbali, hata ukihesabu upande wa kuume unapata kumi na moja na upande wa kushoto kumi. Na kuna kilema cha ajabu zaidi: nusu ya kushoto ya bamba la tano imeungana na nusu ya kuume ya bamba la sita, hiyo ya sita na ya saba, na kuendelea hivi, hata mgongo wote unazunguka kama uzi wa skrubu. Kidudu mwenyewe alitembea, alikula, alikua. Tumbo lake la ndani halikujali mchoro wa mgongo.

Vingine viko katika viungo. Gando moja fupi kuliko lenzake. Kidole kilichopinda hata hakifungi. Jicho moja lililopotea upande mmoja. Nywele kumi na moja badala ya kumi na mbili, au mbili zilizoota karibu karibu pahali pa moja.

Kwa nge wa kweli, mara kadhaa wameonekana wenye mikia miwili, na kila mkia una mwiba wake. Kwa kupe, Bwana Neumann wa Toulouse aliandika juu ya vilema vyao mwaka 1899, na mwaka 1959 Bibi Campana-Rouget alivikusanya na kuvipanga kwa taratibu: miguu iliyopungua au kuzidi, miili iliyopinda, na kupe ambao upande mmoja ni dume na upande wa pili ni jike. Hilo la mwisho si hadithi. Kwa kupe ni rahisi kulitambua, kwa kuwa jamaa nyingi dume ana ngao inayofunika mgongo mzima, lakini ngao ya jike inafunika sehemu ya mbele tu.

Sasa tuulize sababu. Hapo watu wengi wanakimbia mno.

Sababu ya kwanza ni nyepesi kabisa: jeraha. Kidudu alipigana, akaumwa, akapoteza kidole. Hicho si kilema cha kuzaliwa. Ikiwa alikuwa mzima alipoumia, kovu jeusi linaonekana, kwa kuwa nge wa uwongo mzima hajivui ngozi tena, basi hana nafasi ya kujirekebisha. Lakini ikiwa aliumia angali mtoto, baadaye akajivua ngozi, kovu linaweza kufutika na kiungo kikabaki kifupi lakini laini, hata mtu akadhani alizaliwa hivi. Kwa buibui jambo hili linajulikana vizuri: mguu uliokatika utotoni unaota tena wakati wa kujivua ngozi, lakini mara ya kwanza ni mfupi na mwembamba. Mwenye kuandika "mguu mfupi, kilema cha kuzaliwa" bila kufikiri juu ya jeraha, ameandika upesi mno.

Sababu ya pili ni mambo yanayolipata yai. Kilema kama mgongo wa skrubu hakiwezi kutoka katika jeraha la mtu mzima. Kimetoka mwanzoni, wakati mwili ulipokuwa ukigawanyika pingili. Mpaka kati ya pingili mbili usipofanyika upande mmoja, mabamba yataungana upande ule. Na nusu zikikosa kukutana sawasawa katikati, mzunguko unaanza.

Nani anajua kwamba ni hivyo? Wapo waliojaribu. Jambo hili lina historia ndefu: tangu miaka ya 1820 huko Ufaransa, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alisumbua mayai ya kuku kwa makusudi aone vifaranga watatokaje, na mwana wake Isidore ndiye aliyeipa elimu hii jina lake, teratolojia, katika kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1832. Kwa buibui, kazi iliyo ndefu na ya uvumilivu imefanyika Toruń, katika Poland, kwenye Chuo Kikuu cha Nicolaus Copernicus. Wanachukua mayai ya buibui wa nyumbani, Eratigena atrica. Kwa siku kumi za kwanza wanayaweka mara katika baridi ya digri 14, mara katika joto la digri 32, wakibadilisha kila baada ya saa 12. Mayai mengine, ya mama wale wale, wanayaacha katika joto la kawaida.

Matokeo ni nini? Katika yale yaliyosumbuliwa wanatokea buibui wenye miguu saba au sita, wenye miguu tisa au kumi, wenye mguu mmoja uliogawanyika mwishoni kama panda ya manati, wenye miguu miwili jirani iliyoungana kuwa mmoja, hata wachache wenye vichwa viwili. Yale ya joto la kawaida yanatoa buibui wazima. Hapakuwa na sumu. Hapakuwa na mtu aliyewalaani. Baridi na joto tu, vilivyobadilishwa kwa haraka mwili ulipokuwa ukijengwa.

Lakini tazama jambo moja ambalo twaona ni kubwa kuliko yote. Hata katika mayai yale yaliyosumbuliwa, wengi wanatoka wazima. Sababu ile ile, saa zile zile, chombo kile kile: huyu ana miguu sita, ndugu yake ana minane. Basi sababu haifanyi kazi kama nyundo juu ya msumari. Inategemea yai lilikuwa wapi katika kujengwa kwake saa ile, nusu saa mapema au nusu saa baadaye. Kwa hiyo, tukikuta porini kidudu mmoja mwenye kilema, hatuwezi kurudi nyuma na kusema, "Hakika kilimpata jambo fulani." Toka sababu kwenda kilema njia yaonekana, toka kilema kurudi kwa sababu njia zinapandana.

Na nge wa uwongo ana hali yake mwenyewe. Mama hatagi mayai na kuyaacha. Anayabeba chini ya tumbo katika kifuko, na kutoka mwilini mwake anawapa watoto maji ya kuwalisha, nao wanayafyonza. Hivyo mtoto anashiriki karibu kila jambo linalompata mama: njaa yake, ukavu wa pahali anapokaa, baridi ya usiku. Katika jamaa nyingi mama anajifungia wakati huo katika kijumba cha hariri. Wengine wanazidi kutembea na mzigo wao.

Sababu ya tatu iko ndani zaidi, katika mbegu yenyewe, yaani katika jeni. Hapo yapasa kumtaja William Bateson, Mwingereza, ambaye mwaka 1894 alitoa kitabu kinene chenye mifano mamia ya vilema vya wanyama. Aliona kwamba kilema kina sheria. Kiungo kinapozidi na kugawanyika, mara nyingi sehemu zilizozidi ni mbili, nazo zinatazamana kama mkono wa kuume na mkono wa kushoto mbele ya kioo. Aliona tena kwamba mara nyingine kiungo kinageuka kuwa kama kiungo kingine: pahali pa hiki panaota kile. Ni Bateson huyo huyo aliyeitangaza kwa nguvu kazi ya Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, iliyokuwa imesahauliwa tangu mwaka 1866. Na mwaka 1905 aliipa elimu ya urithi jina lake la jenetiki. Si ajabu kwamba mtu aliyekaa miaka na vilema alikuwa tayari kuelewa njegere za mtawa yule.

Leo yale aliyoyaona Bateson kwa macho yanaweza kufanywa kwa mkono. Mwaka 2012 wenye elimu walinyamazisha jeni moja, inayoitwa Antennapedia, katika mayai ya buibui mdogo Parasteatoda. Wakatoka buibui wenye miguu kumi. Pingili ya kwanza ya tumbo, ambayo siku zote haina mguu, ikaota miguu. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba nguvu ya kuotesha mguu imo pale siku zote, na kazi ya jeni ile ni kuizuia. Na mwaka 2021 ilionekana kwamba ukinyamazisha jeni nyingine katika ndugu wa buibui mwenye miguu mirefu, Phalangium opilio, miguu inageuka kuwa mikono ya mdomoni. Sisi tuliosoma falsafa tumezoea kusema kwamba kilema ni ukosefu wa kitu kilichopasa kuwako. Ni kweli, lakini hapa jicho linaona zaidi: mguu wa tano hautoki katika vurugu tu, unatoka kwa sababu kizuizi kimeondoka. Mwili unatuonyesha kamba zake mahali zilipokatika.

Hapo Aristoteli, mwenye kumtaja kidudu wa vitabuni, alikuwa amekwisha kusema neno la busara. Katika kitabu chake juu ya uzazi wa wanyama, anasema kwamba kiumbe chenye kilema ni kinyume cha asili, lakini si cha asili nzima. Ni kinyume cha ile itokeayo mara nyingi tu. Mtakatifu Augustino naye, katika Mji wa Mungu, kitabu cha 16, anazungumza juu ya watu waliozaliwa na maumbo ya ajabu. Hapepesi: ye yote azaliwaye mtu, mwenye akili na mwenye kufa, hata mwili wake uwe namna gani, ni wa ukoo wa Adamu, na anayechukizwa na sehemu moja ni kwa kuwa haoni kitu kizima. Neno la kilatini monstrum lina ukoo mmoja na monere, kuonya. Warumi waliona katika kilema onyo la miungu. Twasikitika kwamba wazo hilo la Warumi lingali na nguvu katika vijiji vyetu, na mara nyingine kati ya Wakristo walioimba Credo asubuhi ile ile.

Turudi kwa vidudu, kwa kuwa kuna mitego miwili ambayo hata wenye elimu wanaingia.

Mtego wa kwanza ni wa kutoa majina. Nge wa uwongo wengi wa nchi zetu walielezwa kwa kutazama vidudu wachache sana, mara nyingine mmoja tu. Tuseme mtu apata msituni kidudu mmoja mwenye nywele kumi na moja katika gando. Je, ni namna mpya isiyojulikana? Asubiri. Kwanza atazame gando la pili. Kama la kuume lina kumi na moja na la kushoto kumi na mbili, hilo ni ajali ya kidudu huyu mmoja, maana namna nzima ya viumbe haizaliwi na upande mmoja. Kama yote mawili yana kumi, yamkini si kilema wala namna mpya. Ni mtoto wa hatua ya tatu, mwenye saba na tatu, ambaye hajajivua ngozi ya mwisho. Atazame basi kama viungo vya uzazi vimekwisha kukomaa. Kama yote mawili yana kumi na moja, na ni mzima, na wenzake kumi wa pahali pale wako hivyo hivyo, hapo ndipo anaweza kuanza kufikiri juu ya jina. Sheria ya mataifa yote juu ya majina ya wanyama, ambayo kitabu chake cha sasa kinatumika tangu tarehe 1 Januari 2000, inakataa jina lililotolewa kwa kilema kama kilema. Ni sheria ya haki. Kilema ni mmoja wa ukoo wake, hana ukoo mwingine.

Mtego wa pili ni wa kutoa hukumu. Mtu ameona karibu na kiwanda, au karibu na shamba lililonyunyiziwa dawa, nge wa uwongo wawili wenye mabamba yaliyoungana, akapiga kelele: "Sumu!" Yawezekana. Sumu zipo, na twajua ginsi machimbo yanavyoharibu mito. Lakini wawili kati ya wangapi? Tuseme alikusanya mia tano: wawili kati ya mia tano. Basi aende mbali na kiwanda, katika msitu wa miti ile ile na mwinuko ule ule, akusanye mia tano wengine, awahesabu kwa uangalifu ule ule. Akikuta wawili tena, kiwanda hakina neno katika jambo hili. Akikuta hakuna, bado hesabu ni ndogo mno, aongeze. Akikuta huku ishirini na kule wawili, hapo ana neno la kusema mbele ya watu, na mwenye kiwanda hataweza kumcheka. Anayetaka kweli kuwatetea watu wa mtoni anahitaji wale wazima mia nne na themanini kuliko wale vilema ishirini. Bila wazima, vilema hawasemi kitu.

Kosa hili ni la kawaida kwa sababu mtazamaji anaweka kilema katika chupa na kutupa wazima. Jicho linavutwa na ajabu. Baadaye katika makabati kuna ajabu tupu, na hakuna anayejua zilikuwa chache kadiri gani.

Wasomaji wengine, zaidi walimu wa shule na vijana wa seminari ndogo, watauliza: Je, sisi tusio na vyombo vikubwa twaweza kufanya kitu? Ndiyo. Udongo wa msitu wa Kivu au wa Katanga haujatazamwa wote. Chukueni majani yaliyooza chini ya mti, yapepeteni kwa ungo juu ya kitambaa cheupe. Ngojeni bila kutikisika. Mwanzoni hamtaona kitu. Nge wa uwongo akishtuka anajikunja na kujifanya mfu. Baada ya dakika chache ataanza kwenda, na ukimgusa kwa jani ataenda kinyumenyume, magando mbele. Mchukueni kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa, si kwa vidole. Njia nyingine ni faneli: weka majani juu ya wavu ndani ya faneli, taa juu, na chupa ya alkoli chini. Vidudu wanakimbia joto na ukavu, wanashuka, wanaanguka. Lenzi ya kuongeza mara kumi yatosha kuhesabu miguu na kuona magando. Kwa mabamba na nywele yahitajiwa mikroskopi, hata ile ya darasa.

Alkoli iwe ya asilimia 70 au 80. Wekeni wote wa pahali pamoja katika chupa moja, wazima na vilema, wala msiwatenge kabla ya kuwahesabu. Ndani ya chupa tieni karatasi yenye jina la pahali, mwinuko kama wajulikana, tarehe, aina ya mti, na hesabu ya wote. Iandikwe kwa penseli, kwa kuwa alkoli inafuta wino.